Black Lotus katika kasha la marehemu: kutambua toleo, kupima ukweli wake na kuitunza Pemba

SWALI: Assalaam alaykum. Marehemu ami yangu alikuwa baharia, alizunguka sana bandari za Ulaya miaka ya tisini. Tulipofungua kasha lake hapa Wete tumekuta kadi kama 300 za mchezo wa Magic. Kijana mmoja wa mtaani aliziona tatu akashituka: Black Lotus, Mox Sapphire na Time Walk. Mox na Time Walk zina ukingo mweupe. Lotus ina ukingo mweusi, na pembe zake hazikuviringwa, ni kali kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Mtu wa mjini Unguja anatoa shilingi laki mbili kwa kasha zima na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Je, ni za kweli? Mbona kadi yenye maneno machache iwe na thamani kubwa hivyo? Na hizi nyengine zimepinda na zina harufu ya ukungu, tuzisafishe vipi? Msomaji, Wete.

JIBU: Wa alaykum salaam, na Mwenyezi Mungu amrehemu ami yako.

Naanza na Ijumaa, kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Usiuze. Laki mbili haifiki dola 100. Ikiwa moja tu kati ya hizo tatu ni ya kweli, basi hiyo moja peke yake ni maelfu ya dola hata kama imechakaa. Anayezijua kadi hizi na bado anakupa siku chache za kujibu, anakimbizana na wakati ambao wewe unauhitaji ili ujue ulichonacho. Karatasi hizi zimengoja miaka thelathini, zinaweza kungoja mwezi mmoja zaidi.

Na mpaka umalize kusoma hapa, usifute kadi yoyote kwa kitambaa, usiianike juani, usiipige pasi, usikate pembe wala usipake wino mahali palipochubuka. Kila moja ya hayo huteremsha thamani, na hakuna hata moja linaloweza kurudishwa nyuma.

Sasa nguvu ya kadi hizi. Mchezo ulitungwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, na kampuni ya Wizards of the Coast ikautoa Agosti 1993. Kila mchezaji huja na jozi yake mwenyewe ya kadi zisizopungua 60, huanza na kadi 7 mkononi na pointi 20 za uhai. Kadi nyingi zina gharama, na gharama hulipwa kwa nguvu iitwayo mana, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye kadi za ardhi. Sheria inayobeba mchezo mzima ni hii: kila zamu unateremsha kadi moja tu ya ardhi. Zamu ya kwanza una mana 1, ya pili 2, ya tatu 3. Wote wawili mnapanda ngazi ile ile kwa mwendo ule ule.

Black Lotus inaivunja ngazi hiyo. Haina gharama. Unaiteremsha, unaitoa kafara, unapata mana 3 za rangi moja unayoitaka. Ukijumlisha na ardhi yako ya kwanza, una mana 4 katika zamu ambayo mwenzako atakuwa na 1. Mox Sapphire nayo haina gharama: inatoa mana 1 ya buluu, inabaki mezani, na zamu ijayo inatoa tena. Ni ardhi ya pili ambayo sheria ya ardhi moja haiigusi. Time Walk inagharimu mana 2 na kukupa zamu nyengine nzima: unavuta kadi nyengine, unateremsha ardhi nyengine, unashambulia tena. Mcheza karata wa baraza yoyote atalielewa hili mara moja. Ni sawa na kutupa karata mara mbili kabla mwenzako hajatupa hata moja, na turufu umeishika wewe.

Makosa ya gharama hiyo ya mana yanaonekana vizuri ukilinganisha na kadi zilizokuja baadaye. Mwaka 1997 ilitoka Time Warp, nayo inatoa zamu ya ziada, lakini kwa mana 5. Ancestral Recall ya 1993 inavuta kadi 3 kwa mana 1. Concentrate ya 2001 inavuta kadi 3 hizo hizo kwa mana 4. Tena Ancestral Recall ilitungwa kama mmoja wa ndugu watano, kila mmoja kwa mana 1 akitoa kitu kwa hesabu ya tatu: Lightning Bolt madhara 3, Dark Ritual mana 3, Giant Growth nyongeza ya nguvu 3 na uhimili 3 kwa kiumbe, Healing Salve uhai 3. Mezani ikaonekana wazi kwamba uhai 3 na kadi 3 mkononi si vitu vya mizani moja hata kidogo.

Zako tatu ni sehemu ya kundi la kadi 9 ambazo wachezaji huziita Power Nine: Black Lotus, Ancestral Recall, Time Walk, Timetwister, na Mox tano, yaani Pearl, Sapphire, Jet, Ruby na Emerald. Watungaji walidhani mtu atanunua pakiti chache tu, hivyo kila mtaa ungekuwa na kadi kali moja au mbili na basi. Watu wakanunua kwa makasha. Leo mchezo una mitindo kadhaa, kila mmoja na orodha yake ya kadi zinazokubaliwa: katika ule uitwao Vintage unaruhusiwa nakala moja tu ya kila moja ya hizo tisa, katika Legacy zimefungiwa zote, na katika Commander ni Timetwister peke yake iliyosalimika.

Ila nguvu peke yake haileti bei. Katika lile toleo la kwanza kulikuwa na kadi iitwayo Sol Ring: gharama mana 1, inatoa mana 2 kila zamu. Wapo wachezaji wazoefu wanaoiona ni kali kuliko Mox. Lakini haikuchapishwa katika daraja la kadi adimu, na imerudiwa mara nyingi mno, ndiyo maana Sol Ring ya siku hizi inapatikana kwa bei ya chai na mandazi. Mox imekuwa ghali kwa sababu nguvu imekutana na uhaba, na uhaba huo una ahadi nyuma yake. Pakiti ya 1993 ilikuwa na kadi 15, na adimu ilikuwa moja tu. Karatasi kubwa ya kuchapia kadi adimu ilikuwa na nafasi 121, safu 11 kwa 11, kwa hiyo kila pakiti ilikuwa na bahati 1 kati ya 121 ya kutoa Lotus. Waliobaki walilamba garasa. Idadi inayotajwa kwa kila kadi adimu ni kama 1,100 katika toleo la Alpha, kama 3,300 katika Beta na kama 18,500 katika Unlimited. Kisha, mwaka 1995, kampuni ilirudia kuchapa kadi nyingi za zamani, wakusanyaji wakalalamika kwamba mali yao imeporomoka, na mwaka 1996 ikatolewa orodha iitwayo Reserved List: kadi zilizomo hazitachapwa tena kwa ajili ya mashindano. Zile 9 zote zimo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni ya kweli au ya bandia, uliza ni ya toleo gani. Kwa ukubwa wa kawaida kadi hizi 9 zimeuzwa katika matoleo yanayohesabika: Alpha ya Agosti 1993, Beta ya Oktoba 1993, Unlimited ya Desemba 1993, makasha mawili ya wakusanyaji ya mwezi huo huo yaitwayo Collectors' Edition na International Edition, na toleo la ukumbusho la 2022 ambalo lina mgongo wa tofauti na haliruhusiwi mashindanoni. Alpha na Beta zina ukingo mweusi, Unlimited mweupe. Pembe za Alpha zimeviringwa zaidi kuliko kadi yoyote nyengine ya mchezo huu. Ukiiweka juu ya kadi ya kawaida utaiona kadi ya chini ikichungulia kwenye kila pembe.

Hapo ndipo Lotus yako inaposema ilikotoka. Ukingo mweusi na pembe kali ni alama ya yale makasha ya wakusanyaji. Igeuze. Kama mgongoni pembezoni pana rangi ya dhahabu na maandishi ya dhahabu yanayosema Collectors' Edition au International Edition, basi umejibiwa: kadi imetoka kwa kampuni yenyewe, hairuhusiwi katika mashindano rasmi, na thamani yake ni sehemu ndogo ya thamani ya Beta. Usivunjike moyo kwa neno hilo “sehemu ndogo”. Lotus ya Alpha iliyohifadhiwa kama mpya iliuzwa mnadani Januari 2021 kwa dola 511,100, na Lotus ya makasha hayo bado huuzwa kwa maelfu ya dola.

Kama mgongo ni wa kawaida, hauna dhahabu, na pembe ni kali, ongeza shaka. Zipo kadi halali zilizokatwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi kubwa ambazo hazikupita mashineni, lakini ni chache sana, na bandia ni nyingi. Upo na ujanja mwengine unaopaswa kuujua kwa sababu unaanzia kwenye kadi kama yako: mtu huichukua Lotus ya Collectors' Edition, huibandua uso, huugandisha kwenye mgongo wa kadi rahisi ya zamani, kisha huziviringa pembe na kuiuza kama Beta. Kadi ya namna hiyo huwa nene kidogo, ubavuni inaonesha mstari wa gundi, na pembe zake nne hazilingani. Ndiyo sababu nakwambia yako usiikate pembe ati ifanane na nyengine. Ukiikata umeharibu kadi halali na kutengeneza ya udanganyifu.

Mox na Time Walk zako zenye ukingo mweupe, ikiwa ni za kweli, haziwezi kuwa kitu chochote isipokuwa Unlimited. Toleo jeupe lililofuata, Revised la Aprili 1994, halikuwa na hata moja kati ya zile 9. Ukingo wa ndani wa Unlimited, ule unaozunguka fremu yenye rangi, umechorwa kwa mteremko wa mwanga na kivuli kama fremu ya mbao iliyopigwa randa. Revised haina mteremko huo na rangi zake zimefifia. Katika kadi 300 za baharia wa miaka ile hukosi Revised kadhaa, basi ziweke pembeni mwa Mox na ulinganishe.

Kisha soma maandishi, maana bandia nyingi huanguka hapa bila chombo chochote. Power Nine za 1993 ni za Kiingereza peke yake. Ukikuta Time Walk ya Kiitaliano, Kijerumani au Kijapani, ni bandia, imekwisha. Upande wa kulia chini ya picha hapana alama yoyote ya toleo. Kushoto chini kabisa pana neno Illus., alama ya hakimiliki na jina la mchoraji, basi. Hapana mwaka wala jina la kampuni, kwani mstari huo ulianza baadaye. Mchoraji wa Black Lotus ni Christopher Rush, wa Mox zote tano ni Dan Frazier, wa Time Walk ni Amy Weber, wa Ancestral Recall ni Mark Poole, wa Timetwister ni Mark Tedin. Lotus na Mox zimeandikwa Mono Artifact chini ya picha, na ndani ya maelezo hapana ile alama ya kulaza kadi (kuigeuza ubavu mezani kuonesha imetumika), herufi T iliyoinama au mshale uliopinda. Alama hiyo ilikuja na Revised. Ukiiona kwenye Mox yenye ukingo mweupe, aliyeitengeneza hakuwa na ya kweli mbele yake.

Baada ya hapo nenda kwa sonara. Nasema kweli. Sonara wa Chake Chake au wa Mji Mkongwe ana vitu viwili unavyovihitaji: kioo cha kukuzia na mizani ya kusoma sehemu ya mia ya gramu. Kioo chake kwa kawaida hukuza mara 10, kinatosha kwa kuanzia. Cha mara 30 hadi 60 chenye taa ni bora zaidi, na bei yake si kubwa. Chukua kutoka kasha hilo hilo kadi tano rahisi za zamani ziwe kipimo chako, za ardhi zinafaa. Usilinganishe na kadi mpya ya dukani, kwa sababu karatasi na wino vimebadilika, na pia kwa sababu ya unyevu, kama utakavyoona.

Kwanza angalia uso. Picha ya kadi ya kweli imejengwa kwa nukta ndogo za rangi nne zilizojipanga kama vijiua. Maandishi meusi ya jina yamelazwa juu yake kwa wino mweusi mzima, kingo zake kali, bila nukta ndani. Kadi iliyoskaniwa na kuchapwa upya huonesha maandishi yaliyovunjika kuwa nukta, au yenye ukungu wa rangi pembeni. Pili, geuza mgongo. Pana duara tano za rangi. Ingia kwenye ya kijani. Ndani ya doa lake la njano utaona nukta nne nyekundu zilizokaa kama herufi L. Ziangalie kwanza katika kadi zako tano za kipimo mpaka jicho lizoee, ndipo uiangalie kadi yenye thamani. Tatu, zima taa, washa tochi ya simu nyuma ya kadi. Karatasi hizi zina tabaka la kati lenye rangi ya buluu; mwanga hupita kwa kiasi, wenye madoadoa, na unapaswa kulingana na wa kipimo. Bandia hung'aa mno kama karatasi ya daftari au huziba kabisa, na kadi iliyogandishwa mgongo mpya nayo huwa na kiza kisicho cha kawaida. Nne, mizani. Kadi huwa na gramu kama 1.7 hadi 1.8. Karatasi iliyokaa Pemba imekunywa maji ya hewani, kwa hiyo usishituke ikizidi kidogo. La kutazama ni kama zile tano za kipimo nazo zimezidi vivyo hivyo.

Kipimo kimoja hakitoshi. Waghushi wa leo wamejifunza nukta za kijani. Wanachoshindwa ni kufaulu katika wino, mwanga, uzito na ubavu kwa pamoja. Kipimo kimoja kikikataa, simamisha kila kitu mpaka ujue kwa nini. Na mtu akikwambia uikunje mpaka pembe mbili zikutane, uichane kidogo ubavuni au uidondoshee tone la maji, mkatalie hapo hapo. Vipimo hivyo vilikuwa vya kadi za senti chache, na karatasi ya miaka 30 hukunjika ikabaki na mkunjo.

Sasa ukungu na kupinda, jambo ambalo kwa visiwa vyetu ni kubwa kuliko wezi. Kadi ni tabaka za karatasi na gundi zilizofunikwa kwa rangi. Upande mmoja ukinywa unyevu zaidi ya mwengine, hutanuka na kuisukuma kadi ipinde. Kadi hutaka hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Pemba wakati wa masika huzidi 80 kwa urahisi, na kasha la mbao chini ya kitanda, karibu na sakafu ya saruji, huzidi zaidi. Dawa yake ni kukausha polepole. Nasisitiza polepole, maana ukizikausha kwa siku moja zitapinda upande wa pili na rangi inaweza kupasuka.

Tafuta chombo cha chakula cha plastiki chenye mpira kwenye kifuniko na vishikizo vinne, cha lita 5 hivi, na kipimo kidogo cha unyevu cha betri. Tafuta chembechembe za silika, kama zile zinazokuja kwenye makasha ya viatu, lakini ziwe mpya na ziwe za rangi ya machungwa zinazobadilika zikishiba. Za buluu zina kobalti, usiziweke nyumba yenye watoto. Gramu 50 zinatosha chombo hicho, ila anza na 15 kwa wiki ya kwanza, kisha ongeza mpaka kipimo kisome kati ya 40 na 50. Kikishuka chini ya 35 toa kidogo. Silika iwe ndani ya kifuko cha kitambaa, isiguse kadi. Ikishiba, ikaushe katika oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, iache ipoe ndani ya mtungi uliofungwa, kisha irudishe. Kadi zenyewe zilale bapa baina ya vibao viwili safi, juu yake uzito mwepesi kama kitabu kimoja. Baada ya wiki mbili hadi nne nyingi zitakuwa zimenyooka zenyewe. Zilizogandana usizibandue kwa kucha. Zikikauka polepole mara nyingi huachana, na zisipoachana mwonesheni anayejua kutengeneza karatasi.

Watu wetu wana desturi ya kutia karafuu, udi au vidonge vya nondo ndani ya kasha. Kwa nguo ni sawa. Kwa kadi hapana: mafuta ya karafuu hutia madoa, na vidonge vya nondo hulainisha baadhi ya plastiki ikashikana na wino. Mchele nao usitumie, vumbi lake huita wadudu. Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi nacho si msaada, kwa sababu hewa ya moto ikiingia chumba kilichopoa huacha maji juu ya kila kitu. Chombo kilichofungwa ndicho kinachokulinda.

Kadi zenye harufu ya ukungu zitenge na nyengine leo hii. Zikaushe kwanza ndani ya chombo chao wenyewe. Zikishakauka, siku kavu ya kaskazi au kusi, kivulini nje ya nyumba na ukiwa umefunika pua, zile rahisi unaweza kuzipitishia brashi laini kabisa ya rangi za maji. Hizo tatu usizipitishie chochote. Zivalishe mfuko laini wa polipropilini unaokaa kadi ya milimita 63 kwa 88, kisha uziingize kwenye kishikio kigumu cha plastiki. Albamu za picha za dukani na mifuko ya vitambulisho nyingi ni za PVC, ambayo kwa joto letu hutoa mafuta na kunata kwenye rangi. Plastiki laini ikinuka kama pazia jipya la bafuni, iache.

Usiache kuzipitia zile 297 zilizobaki. Kwa kasha la miaka hiyo, huenda huko ndiko kuliko na mali ya uhakika zaidi. Tafuta ardhi kumi zenye rangi mbili: Underground Sea, Volcanic Island, Tropical Island, Tundra, Bayou, Savannah, Scrubland, Badlands, Taiga na Plateau. Hizi zimo hata katika Revised, hata kwa lugha nyengine za Ulaya, na zote zina bei nzuri. Kisha tazama alama kulia chini ya picha. Jambia lililopinda ni seti ya Arabian Nights ya Desemba 1993, iliyochota kutoka hadithi za Alfu Lela Ulela. Humo ndimo mlimo Library of Alexandria na Bazaar of Baghdad. Fuawe la mhunzi ni Antiquities, kichwa cha nguzo ni Legends, mwezi mwandamo ni The Dark. Taji ni Fallen Empires, iliyochapwa kwa wingi mno, nyingi zake hazina thamani kubwa. Na hapa wengi huumia: kadi yenye jambia au nguzo lakini ukingo mweupe ni Chronicles ya 1995, lile toleo la marudio lililoleta malalamiko, na nyingi zake ni za bei ndogo. Alama na ukingo vinasomwa pamoja.

Ukikuta Contract from Below, Demonic Attorney au Darkpact, usiwe na wasiwasi juu ya mchezo wenyewe. Sheria za mwanzo ziliruhusu wachezaji kuwekeana kadi kama dau, na kadi hizo zilihusu dau hilo. Lilikuwa jambo la hiari, na kadi zote za dau zimepigwa marufuku mashindanoni. Vijana wenu wanaweza kucheza bila kamari ya aina yoyote.

Kuuza. Kasha la marehemu ni mali ya mirathi, kwa hiyo kabla ya mnunuzi yeyote orodhesheni kadi mbele ya warithi, na hizo tatu zipigwe picha: uso, mgongo, kila pembe, na kila ubavu. Picha hizo zina kazi mbili. Ya kwanza ni kumwonesha anayejua. Kwa thamani ya kiasi hiki inafaa kuzipeleka kwa kampuni za kupima na kufunga kadi, kama PSA, Beckett au CGC za Marekani, ambazo huthibitisha ukweli wake na kuipa hali ya kadi namba kutoka 1 hadi 10. Iliyokatwa au kupakwa wino hawaipi daraja. Baada ya hapo unaweza kuikabidhi kwa nyumba ya mnada kama Heritage Auctions, au kuiuza kwa duka kubwa kama Card Kingdom. Duka hulipa haraka lakini mara nyingi kama asilimia 50 hadi 70 ya bei ya rejareja. Soko la Cardmarket ni la wauzaji walioko Ulaya, litawafaa ikiwa mna ndugu Ulaya wa kusimamia. Kama kuna jamaa anayesafiri, azibebe mkononi ndani ya ndege, asizitie kwenye begi la mizigo, na aache karatasi iliyosainiwa yenye orodha.

Kazi ya pili ya picha ni kuzuia kubadilishiwa. Hakuna kadi mbili za 1993 zilizokatwa sawasawa: pima kwa rula upana wa ukingo wa kushoto na wa kulia, wa juu na wa chini, andika kwa nusu milimita, na tia alama kwenye picha kila mkwaruzo na kila doa. Yule bwana wa mjini akitaka kuziona, aje Wete. Aziangalie zikiwa ndani ya vishikio, warithi wawili wakiwa wamekaa, na asiondoke na hata moja ati akamwoneshe mtu. Akimaliza, kabla hajainuka, zilinganisheni na picha zenu kadi kwa kadi.